Kuwatembeza Watoto Lubumbashi kwa Fedha Kidogo: Mwongozo Kamili wa Mzazi

Familia nyingi za Likasi, Kolwezi, Kipushi na Kasumbalesa huenda Lubumbashi, mji mkubwa wa kusini mwa Kongo, kwa shughuli za lazima: mgonjwa, msiba, harusi, hati za serikali au bidhaa za kuuza. Watoto huachwa nyumbani, au huletwa na kuburutwa nyuma ya shughuli za wakubwa bila kuona chochote. Mzazi anayesema kwamba angependa kuwaleta kwa matembezi tu huambiwa papo hapo kuwa mji ni ghali. Ni kweli kwamba mji wa migodi una bei za mji wa migodi, hasa kwa vyumba vya kulala na vyakula vya hotelini. Hata hivyo, ukikaa na familia iliyorudi mifuko mitupu na kuhesabu nayo matumizi yake, utaona kuwa fedha hazikuishia kwenye viingilio. Ziliishia kwenye nauli za kuzunguka mji, na kwenye vitu vidogo vilivyonunuliwa kwa haraka kwa sababu mtoto alishikwa na njaa, kiu au usingizi mahali ambapo wazazi hawakuwa na njia nyingine. Kwa hiyo hatua zinazofuata zinahusu zaidi mambo hayo mawili, umbali na tumbo, kuliko orodha ya mahali pa kuona.

Hatua ya kwanza: chagua majuma

Likizo kubwa ya shule, kuanzia Julai hadi mwanzo wa Septemba, huangukia katikati ya kiangazi. Hilo ni jema kwa matembezi, kwa kuwa mvua haipo, barabara za udongo zinapitika na hakuna siku itakayoharibika kwa radi ya saa tisa. Lubumbashi, hata hivyo, iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,200, na usiku wa Juni na Julai joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Wa Kolwezi wanaijua baridi hiyo. Anayetoka Kinshasa hufika na watoto waliovaa fulana nyepesi, kisha siku ya kwanza inakwenda kutafuta sweta sokoni. Kila mtoto awe na sweta moja nzito, soksi na kofia. Vumbi la kiangazi nalo halina huruma kwa mwenye pumu, na dawa yake isisahaulike.

Ningechagua majuma mawili ya katikati ya Julai. Tarehe 1 Agosti ni sikukuu ya wazazi, siku ambayo asubuhi watu huenda kusafisha makaburi ya marehemu wao na mchana husherehekea wazazi walio hai, kwa hiyo usitegemee ofisi wala usafiri wa kawaida. Mwisho wa Agosti masoko hujaa wazazi wanaotafuta madaftari na sare za shule, na si wakati wa kumshika mtoto wa miaka minne mkono katikati ya msongamano. Septemba na Oktoba mijakaranda huchanua na njia za katikati ya mji hugeuka zambarau, jambo ambalo linastahili macho ya mtoto yeyote, lakini shule zimekwisha kufunguliwa na joto limepanda. Hiyo ni safari ya mwisho wa juma kwa walio karibu tu. Kuanzia Novemba mpaka Aprili ni mvua, na mvua pamoja na watoto ni teksi.

Kuhusu siku zenyewe, fika Jumanne kabla ya saa saba mchana, tembea Jumatano na Alhamisi, uondoke Ijumaa asubuhi. Katikati ya juma makumbusho huwa wazi na bustani ya wanyama haijajaa. Zaidi ya usiku tatu, bajeti ndogo huanza kulia, na watoto nao.

Hatua ya pili: hesabu nauli kabla ya kitu kingine

Tuchukue familia ya watu watano: baba, mama, na watoto watatu, ambao mdogo wao bado anapakatwa. Walipaji ni wanne. Ikiwa wamefikia katika kata ya mbali na inawabidi kupanda mabasi mawili ili kufika mjini, na ikiwa asubuhi wanatoka, mchana wanarudi kula, alasiri wanatoka tena na jioni wanarudi, hizo ni safari nne za mabasi mawili kwa watu wanne, yaani nauli 32 kwa siku moja. Familia hiyo hiyo, ikilala mahali penye basi moja tu hadi katikati ya mji, ikatoka mara moja kwa siku na chakula chake mkononi, italipa nauli 8. Tofauti ya nauli 24 kwa siku inatosha kulipia sehemu nzuri ya chumba kilicho karibu zaidi. Ndiyo maana chumba cha bei nafuu sana kule pembeni mara nyingi ndicho ghali kuliko vyote.

Piga simu kwa mtu anayeishi Lubumbashi umuulize nauli ya juma hili, si ya mwaka jana, maana hufuata bei ya mafuta. Zidisha kwa idadi uliyoipata, kisha ndipo uangalie kama safari inawezekana.

Fedha zenyewe ziwekwe katika bahasha tofauti. Ya kwanza ni nauli ya kurudi nyumbani, ambayo hufungwa kwa gundi siku ya kuondoka na haifunguliwi hata kama jirani wa kitanda anakopa. Ya pili ni malazi. Kisha kuna bahasha moja kwa kila siku ya matembezi. Kilichobaki cha leo kinaongezwa kwenye cha kesho, lakini cha kesho hakiazimwi leo. Ya mwisho ni ya dharura, na isipungue sehemu moja kwa tano ya fedha zote. Anayeweka akiba yake kwenye M-Pesa, Airtel Money au Orange Money hufanya vizuri, mradi nambari ya siri ijulikane na wazazi wote wawili.

Dola na faranga hutumika pamoja, lakini kwa matumizi ya watoto faranga ndiyo fedha ya kweli. Nauli, karanga, choo cha kulipia na maji ya mfuko havilipwi kwa noti ya dola ishirini. Badilisha mapema kiasi cha siku mbili na uombe noti ndogo. Dola nazo zikaguliwe moja moja: noti iliyochanika hata kidogo pembeni, iliyoandikwa kwa kalamu au iliyozeeka hukataliwa dukani bila mjadala, na noti ya dola moja mara nyingi haina mnunuzi. Ukibadilisha kwa wabadilishaji wa barabarani, hesabu faranga zako zote kabla ya kumkabidhi dola zako, mtoto akiwa ameshikwa na mzazi mwingine.

Hatua ya tatu: mahali pa kulala

Wengi wetu jibu la kwanza ni ndugu. Hakuna ubaya, ni jambo la heshima, na watoto hufahamiana na binamu zao. Lakini nyumba ya ndugu si malazi ya bure, na anayeihesabu kuwa bure katika bajeti humwonea mwenyeji au hujionea mwenyewe siku ya mwisho, anapoaga na kujikuta anatoa mfukoni kiasi ambacho hakukipanga. Mambo yazungumzwe kwa simu kabla. Kumwambia mwenyeji waziwazi, “Mama mdogo, tutafika watano Jumanne, tutalala usiku tatu na Ijumaa asubuhi tunarudi, unga na mafuta tutakuja navyo, na mchana tutakuwa nje,” si utovu wa adabu. Kunamwondolea wasiwasi wa maswali ambayo yeye, kwa heshima, hawezi kuuliza: mtakaa mpaka lini, na mtakula nini.

Unga wa bukari, yaani ugali, ununuliwe ulikotoka ikiwa bei yake ni nafuu, kwa kuwa mfuko wa kilo 10 unakaa chini ya kiti cha basi bila shida. Ndagala wakavu pia husafiri vizuri. Shuka mbili na blanketi moja zako mwenyewe zitafanya watoto walale chini kwenye mkeka bila mwenyeji kukosa za kwake. Umeme na maji viulizwe, maana kata nyingi hukatiwa vyote viwili, na ukijua mapema kuwa maji hutoka alfajiri tu, watoto wataogeshwa alfajiri. Kingine ambacho watu husahau ni zamu ya wageni wengine: Julai ni mwezi wa harusi na wa watoto wa likizo, na huenda mama mdogo ana wageni sita tayari lakini hataki kuwa yeye wa kusema hapana. Mpe nafasi ya kukataa bila aibu. Swali “je, tukija Agosti itakuwa nyepesi zaidi kwenu?” linatosha.

Asiye na ndugu mjini, au ambaye ndugu yake anakaa mbali kiasi cha nauli 32, aangalie kwanza nyumba za wageni za makanisa, za watawa wa Kikatoliki na za madhehebu ya Kiprotestanti. Huwa safi, zina ulinzi, milango hufungwa mapema, na kelele za baa hazipo. Kasoro yake ni kwamba sheria za usiku ni kali na nafasi hujazwa na mikutano ya kanisa. Kwa hiyo simu ipigwe majuma matatu kabla. Zinafuata zile nyumba ndogo za kupangisha ambazo watu huziita flati. Hapo uliza mambo haya kabla ya kutaja bei: kama kuna jiko unaloruhusiwa kutumia, kama godoro la ziada linalipiwa, kama jenereta huwashwa na saa ngapi, na kama chumba kiko ghorofani penye baraza lisilo na kizuizi. Jiko ndilo lenye thamani kubwa. Familia inayoweza kupika bukari na sombe (majani ya muhogo) jioni inaweza kulipa chumba ghali kidogo na bado ikabaki na faida.

Hatua ya nne: hati na barabara

Mzazi awe na kadi yake ya mpiga kura, ambayo ndiyo kitambulisho cha kawaida nchini, na kila mtoto awe na cheti cha kuzaliwa au nakala yake. Mzazi anayesafiri na watoto peke yake abebe barua iliyosainiwa na mwenzake, hasa ikiwa atavuka mpaka. Familia inayotoka Zambia kupitia Kasumbalesa ihakikishe kuwa kila mmoja ana kadi ya chanjo ya homa ya manjano, watoto wakiwemo, na kwamba visa zimeshughulikiwa kabla ya kufika mpakani.

Kutoka Likasi ni kama kilomita 120 na kutoka Kolwezi ni kama 300, zote kwa barabara kuu ileile inayopita Likasi. Kasumbalesa iko kilomita zipatazo 90 upande wa kusini, na Kipushi 30 tu. Hesabu yako isitegemee kilomita, kwa sababu barabara hiyo ndiyo inayobeba malori ya shaba na kobalti ya ukanda mzima, na lori moja likiharibika kwenye kipande chembamba basi lenu linakaa. Panda gari la kwanza la asubuhi. Mtoto anayetapika garini akae karibu na dirisha, ale kitu kikavu saa moja kabla, na mama awe na mifuko miwili ya plastiki mkononi, si ndani ya sanduku lililofungwa juu ya paa.

Hatua ya tano: kupanga siku kwa mtaa

Kanuni ya kazi ni jambo kubwa moja kwa siku, na yote ya siku hiyo yawe upande mmoja wa mji. Jumanne mchana, baada ya safari, si siku ya kuona kitu. Watoto wale, walale, na jioni watembee kwa miguu karibu na walipofikia. Kutoka sehemu nyingi za mji wataweza kuliona bomba la moshi la kiwanda cha kuyeyushia shaba, lenye urefu unaozidi mita 150, pamoja na kilima cheusi cha masalia ya kuyeyusha kilicho pembeni yake. Hicho ndicho kitambulisho cha Lubumbashi, na kukitazama hakulipiwi.

Jumatano iwe ya bustani ya wanyama. Iko katika komine ya Lubumbashi, moja ya sehemu za kiutawala za mji, ina miti mikubwa yenye vivuli, na kwa watoto wa chini ya miaka kumi ndiyo safari yenyewe. Hayo mengine yote ni nyongeza. Fika mapema asubuhi, kabla wanyama hawajalala kwa joto. Uliza mlangoni bei ya watoto kulingana na umri, na kama mtu akitoka kununua kitu anaruhusiwa kurudi kwa tiketi hiyo hiyo. Msiwakimbize watoto kutoka kizimba hadi kizimba ili “kumaliza”. Mtoto wa miaka mitano akisimama dakika ishirini mbele ya nyani mmoja anayechambua manyoya ya mwenzake, amekwisha kupata thamani ya kiingilio chake, na mzazi anayemvuta mkono ili akaone mamba ndiye anayeipoteza. Kaeni kivulini saa tano, leni mlichobeba, waacheni wacheze, kisha mzunguke mara ya pili polepole. Saa nane mmemaliza.

Kuna pia J.A.C.K., kituo kilichoanzishwa Lubumbashi mwaka 2006 kwa ajili ya kulea sokwe watoto walionyang'anywa wafanyabiashara haramu. Si mahali pa kubisha hodi bila taarifa. Mwenye watoto wakubwa wanaopenda wanyama aulize kwanza kama wageni wanapokelewa. Hata pasipo kukitembelea, mtoto wa miaka kumi anaweza kuelezwa kwa nini kipo: ili mtoto mmoja wa sokwe auzwe, mama yake huuawa kwanza.

Alhamisi ni ya makumbusho na katikati ya mji. Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi hayapendwi na wazazi wengi, wakidhani watoto watachoka. Watachoka kweli ikiwa wataongozwa kusoma kila kibao. Nenda na jambo moja la kutafuta, na jambo hilo liwe misalaba ya shaba. Zamani, kabla ya treni na kabla ya wazungu, mafundi wa nchi hii ya Katanga walichimba mawe ya kijani ya malakiti wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, wakayayeyusha kwa makaa katika tanuru zilizojengwa kwa udongo wa vichuguu, na shaba iliyotiririka wakaimimina katika vifinyango vya umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa fedha. Ilinunua vitu, ililipa mahari, na mingine imepatikana makaburini kule bonde la Upemba pamoja na wenyewe. Mafundi hao waliitwa walaji wa shaba. Baadaye misalaba mitatu ya aina hiyo iliwekwa kwenye bendera ya Katanga iliyojitenga kuanzia 1960 hadi 1963.

Mpe kila mtoto karatasi na penseli aichore misalaba anayoiona, mikubwa na midogo, kisha umuulize ni ipi angeibeba kwenda sokoni kununua unga. Saa nzima itapita bila mtu kuomba soda. Mkichukua mwongozaji, kubalianeni malipo yake kabla ya kuanza, na mwambieni umri wa watoto ili asianze na majina ya wanaakiolojia.

Baada ya hapo Jengo la 30 Juni, lililokuwa ukumbi wa michezo ya kuigiza, litazamwe kwa nje, kisha mshuke kuelekea Uwanja wa Posta na Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro na Paulo, ambalo lina kivuli, mabenchi na ukimya wa kumlaza mtoto mdogo begani. Stesheni ya treni nayo ifikiwe ikiwa miguu bado ina nguvu: reli ilifika hapa kutoka kusini mwaka 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa kwa jina la Élisabethville, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikayeyushwa. Jina la Lubumbashi, ambalo ni la mto, lilichukuliwa rasmi 1966. Mtoto wa sekondari anayesoma mambo haya darasani kwa ubao tu atashangaa kuona jinsi yote yalivyo karibu karibu.

Tahadhari moja ya siku hii ni simu. Msipige picha za majengo ya serikali, askari, vituo vya polisi, stesheni wala daraja bila kuomba ruhusa, na watoto wakubwa wenye simu zao waambiwe mapema. Mazungumzo ya kurudishiwa simu yanaweza kumeza bahasha nzima ya siku.

Wapenda mpira watauliza habari za Kamalondo. Uwanja wa TP Mazembe, uliofunguliwa 2011, uko huko, na mtoto anayejua kwamba timu hiyo ilitwaa ubingwa wa Afrika 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015 hatakubali kurudi bila kuuona, walau kwa nje. Julai mara nyingi ligi iko mapumzikoni, kwa hiyo usimwahidi mechi. Anayekuja wakati wa ligi anaweza kumpeleka mtoto wa miaka minane na kuendelea kwenye mechi ya mchana ya kawaida, mkae karibu na njia ya kutokea na muondoke dakika kumi kabla ya kipenga cha mwisho. Pambano la Mazembe na Lupopo, timu hasimu ya mji huu huu, si la watoto, hata kama babu yao alikuwa Cheminot wa damu, yaani shabiki wa Lupopo.

Soko la Kenya, komine ya hapa hapa mjini, liendewe na mzazi mmoja peke yake kwa ajili ya mboga, watoto wakibaki. Kumbukumbu ya Lumumba huko Shilatembo, nje ya mji, alipouawa pamoja na Mpolo na Okito tarehe 17 Januari 1961, inawafaa wanafunzi wakubwa wenye gari la familia. Maporomoko ya Lofoi ndani ya hifadhi ya Kundelungu ni safari nyingine kabisa, yenye gari la milimani na bajeti yake. Yasichanganywe na hii.

Hatua ya sita: kupanda basi na watoto

Basi ndogo za abiria ndizo nafuu. Kabla ya kupanda, muonyeshe kondakta watoto wako kwa kidole na useme nani anapakatwa na nani anakaa, kisha utaje jumla ya nauli. Ukisubiri mpaka mnashuka, mtoto uliyempakata njia nzima atageuka abiria kamili. Kwa vile mizigo na watoto huwachelewesha watu, epuka saa za kwenda na kutoka kazini.

Kuna hatari moja ambayo wageni hawaioni. Kongo magari hupita upande wa kulia, lakini magari mengi ya Lubumbashi yameingia kutoka kusini na mashariki yakiwa na usukani upande wa kulia. Basi la namna hiyo lina mlango wake upande wa kushoto, na likisimama pembeni, mlango hufunguka kuelekea katikati ya barabara, magari yakipita. Mtu mzima ashuke kwanza, asimame kati ya mlango na magari, apokee watoto mmoja mmoja na kuwavusha nyuma ya basi, kamwe si mbele yake. Mtoto asiruke peke yake kwa furaha ya kufika.

Pikipiki ni ya haraka na inajaribu, ila baba, mama na watoto wawili juu ya moja ni jambo nisiloliunga mkono hata kwa safari ya faranga chache. Jioni mkichelewa, teksi ya kukodi inayokubaliwa bei kabla inatoka kwenye bahasha ya dharura bila majuto. Saa kumi na mbili muwe ndani.

Hatua ya saba: chakula, maji na tumbo

Asubuhi watoto wale kitu kizito kabla ya kutoka: uji wa mahindi wenye karanga zilizosagwa, au bukari iliyobaki iliyopashwa moto. Mfuko wa siku ubebe chupa za maji yaliyochemshwa, mayai ya kuchemsha, ndizi, mkate na viazi vitamu. Njiani ruhusu kitu kimoja cha kununua kwa siku, na mtoto mwenyewe achague. Vitumbula vya moto vinavyotolewa mafutani mbele yako ni salama kuliko saladi ya hoteli ya kifahari. Kikanda, chakula cha viazi vya okidi na karanga, kwa asiyekijua kionjwe kidogo kwanza. Munkoyo, kinywaji cha mahindi kilichochachushwa kwa mizizi, usiojulikana maji yake yametoka wapi uachwe, na vilevile matunda yaliyokwisha kumenywa.

Maji ya bomba yasinywewe bila kuchemshwa, kwa sababu kipindupindu hurudi mara kwa mara katika jimbo hili. Kipande cha sabuni ndani ya mfuko mdogo hakina uzito. Chandarua kibebwe hata kiangazi. Mtoto akianza kuhara, changanya lita moja ya maji safi na vijiko sita vidogo vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, umnyweshe kidogo kidogo mfululizo. Akiwa na homa, akitapika kila kitu au akilegea, nenda kituo cha afya kilicho karibu bila kungoja asubuhi. Ulizeni kiko wapi siku ya kwanza. Hospitali kubwa ya serikali ni Jason Sendwe.

Fedha ya zawadi apewe kila mtoto mkononi, kidogo na ya mwisho. Vito vya malakiti na picha za shaba iliyogongwa kwa nyundo ni kazi za huku huku, na vipande vidogo vinapatikana kwa mwenye subira ya kujadiliana bei.

Hatua ya nane: kuondoka

Alhamisi jioni fungasha vyote isipokuwa nguo za safari. Mwachie mwenyeji unga uliobaki na kiasi mlichokubaliana, ukimkabidhi kwa mikono miwili kabla ya kulala, maana asubuhi kuna haraka. Ijumaa mfike kituoni kabla ya jua kuchomoza sana ili mpate viti vya pamoja, na kabla ya kulipa ulizeni kama gari linajaza abiria hapo au litazunguka mji kwanza. Wa Kolwezi wasikubali gari la baada ya saa tano mchana: litawafikisha usiku, katikati ya malori.